Darasa Lililokuja na Mwenyewe

Darasa lile lililetwa juu ya lori, nusu mbili za mbao na bati zilizoundwa kiwandani, zilizokaa miaka kwenye shule nyingine iliyofungwa. Winchi ikazishusha ukingoni mwa kiwanja, mafundi wakaziunganisha kwa bolti, na watoto waliokuwa wakibanana kama dagaa wakapata nafasi. Likapewa Mwalimu Mjane. Ndivyo wenzake walivyomwita akiwapa kisogo, utadhani ujane ni cheo.

Mama huyo alikuwa na mazoea yake. Tangu mumewe afariki, hakuingia mahali patupu bila kupiga hodi. Hata kwake alipiga hodi, akasubiri kidogo, ndipo akatoa ufunguo. Majirani walimcheka. Upweke una vituko vyake.

Asubuhi ya kwanza, kabla watoto hawajafika, alipiga hodi kwenye mlango wa darasa jipya.

"Karibu," ikajibu sauti ndani.

Hamkuwa na mtu. Madawati tu, na harufu ya udongo uliolowa, ingawa sakafu ilikuwa ya mbao na mvua haikuwa imenyesha.

Mwingine angekimbia. Yeye kesho yake aliwahi zaidi. Alikaribishwa, akakaa, akasahihisha madaftari huku nyayo zikipita taratibu chini ya sakafu. Tuseme ukweli, alifurahi. Lakini watoto wakaanza kulalamika kwamba wakinyamaza kuandika kuna mtu anapumua pamoja nao, na siku moja harufu ile ikapanda ikawakaba koo, na binti wa dawati la mbele akaanguka macho wazi, akinong'ona kwa sauti nzito ya kiume, "Karibu, karibu, karibu," mpaka mama yake akaja kumbeba.

Mganga akaitwa, mama mnene mwenye haraka zake. Akalaza sikio sakafuni.

"Mmemhamisha konokono na gamba lake," akasema. "Na nani alimpigia hodi?"

Mwalimu akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mwanangu, hodi anapigiwa mwenye nyumba. Wewe ndiye uliyempa mlango. Hapa nitamtoa. Ila usipige tena hodi pasipo na mtu. Kwako ndiyo usithubutu kabisa."

"Nisipopiga?"

"Atakosa pa kuingia, apotee."

Mafundi wakafungua bolti, nusu mbili zikaachanishwa, jua likaingia katikati, mganga akafukiza na kusoma dua zake. Harufu ikakatika. Binti akapona, watoto wakarudi na kelele zao.

Mwalimu naye akarudi kwake. Jioni baada ya jioni aliingia kimya, akapika chakula cha mtu mmoja, akaosha sahani moja. Hakuna aliyemuuliza ameshindaje. Alivumilia, maskini, alivumilia sana.

Jioni moja akasimama mlangoni, ufunguo mkononi, maneno ya mganga yakimlia masikioni, akatazama huku na huku kama mwizi, akainamia tundu la kitasa.

"Hodi," akanong'ona.

Harufu ya udongo uliolowa ikapenya chini ya mlango.

"Karibu, mke wangu. Mbona umekawia?"

Akavua viatu, akaingia.