Kikokotoo Kilichompima Koleta

Kila alasiri Fortunata akitoka shule alivua sare, akala makande yaliyobaki tangu mchana, kisha akachukua mundu na kwenda kukata majani ya ng'ombe. Alikuwa darasa la sita katika kijiji cha Mhezi, milimani Upare, na kazi hiyo aliifanya pamoja na dada yake, Koleta. Huko majanini ndiko walikocheka na kuambiana siri zao zote.

Koleta alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata daraja la tatu. Habari yake ilikuwa moja tu: uuguzi. Bibi yao, Bibi Blandina, alipolazwa hospitalini Gonja kwa ajili ya kidonda cha mguu, Koleta ndiye aliyekaa naye. Waliporudi nyumbani, yeye ndiye aliyekisafisha kidonda kile na kukifunga bendeji kila siku, kama alivyoelekezwa na wauguzi, mpaka kikapona.

Alhamisi moja Koleta hakuonekana majanini. Fortunata alimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, macho yamemwiva, simu ya baba yao ikiwa mapajani.

"Dada, kuna msiba?"

"Hakuna." Koleta alipangusa uso kwa kanga. "Sitatuma maombi ya chuo tena. Nitashuka Same mjini kwa shangazi, anatafuta mtu wa kumsaidia mgahawani."

Fortunata alidhani hakusikia vizuri. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa wiki iliyofuata, na baba yao alikwisha kuuza tangawizi yake ili apate ada.

Koleta akamweleza. Binamu yao Paschal, aliyemaliza shule mwaka huohuo, alikuwa amemtumia linki ya tovuti yenye kikokotoo. Unajaza alama zako na jina la chuo unachokitaka, nacho kinakuambia una nafasi kiasi gani ya kuchaguliwa. Paschal, aliyetaka kusomea kilimo, alipewa asilimia tisini na tatu. Koleta alipewa kumi na moja.

"Kumi na moja katika mia, Fortu! Hata maharage mabovu ukiyapanda huota zaidi ya hapo."

"Nani kasema?"

"Kikokotoo."

"Huyo Kikokotoo anakujua?" Fortunata alifoka. "Aliwahi kukuona ukimhudumia Bibi? Anajua kwamba ulisoma Kemia bila maabara? Nipe hiyo simu!"

Koleta alimpa, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubishana. Fortunata alitoka mpaka uwanjani ambako mtandao ulishika vizuri. Bibi Blandina alikuwa ameketi hapo akichambua maharage. Fortunata akaijaza tena fomu ile, herufi kwa herufi, kwa alama zilezile za dada yake. Kikokotoo kikazunguka, kikazunguka, kikatoa jibu: asilimia thelathini na nne.

Alikodoa macho. Akajaza tena, bila kubadilisha chochote. Kumi na tisa.

"Bibi," aliuliza, "wewe ulipata ngapi kwenye Kemia?"

"Kemia ndiye nani?" Bibi alishangaa. "Mimi niliishia darasa la nne, mjukuu wangu."

Fortunata akaandika jina la Bibi Blandina, akaacha nafasi zote za alama wazi, akabonyeza. Asilimia arobaini na sita!

Hapo hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alirudi jikoni mbio. "Dada! Bibi kakushinda! Hana hata cheti, na kapewa arobaini na sita! Tazama na hapa chini. Kila jibu, liwe kubwa liwe dogo, lina kitufe hikihiki chekundu: Ongeza nafasi yako, lipia ushauri hapa."

Koleta alitazama, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuvunjika. "Labda mtandao ulikuwa mbaya," alisema kwa unyonge. "Watu waliotengeneza kitu kama hicho wanajua zaidi yetu."

Kesho yake Fortunata alimshika dada yake mkono na kumpeleka shuleni kwa Mwalimu Eliufoo, aliyefundisha hisabati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmenuna hivyo asubuhi hii?"

Fortunata alieleza kila kitu kwa pumzi moja. Mwalimu aliichukua simu, akajaribu mwenyewe, kisha akaiweka mezani.

"Koleta, mwaka huu watu wangapi wameomba chuo unachokitaka?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mimi pia sijui. Chuo chenyewe hakijui, maana dirisha bado liko wazi na watu wanaendelea kuomba. Sasa hiki kikokotoo kimejuaje?"

Koleta aliitazama tena simu ile mezani.

"Ili ujue nafasi yako, lazima ujue viti ni vingapi, walioomba ni wangapi, na wamepata alama gani. Hiki hakina hata kimoja. Kinakisia tu, tena kinakisia vibaya."

Mwalimu alifungua mwongozo wa udahili, akapata namba ya chuo na kupiga. Mama mmoja wa ofisi ya udahili alipokea. Mwalimu alipomweleza, sauti ya mama huyo ilisikika mpaka nje ya ofisi.

"Mwalimu, sisi hatujaipa tovuti yoyote takwimu zetu! Wanatuvunjia watoto moyo bure. Huyo binti asome vigezo kwenye mwongozo. Kama anavyo, atume maombi. Siwezi kumwahidi nafasi, waombaji ni wengi. Lakini asipoomba, hapo hata mimi siwezi kumsaidia."

Walisoma vigezo pamoja, somo baada ya somo. Koleta alikuwa navyo vyote. Siku hiyohiyo alituma maombi, na kwa ushauri wa Mwalimu akajaza vyuo vitatu badala ya kimoja.

Jioni Fortunata alikimbia kwa Paschal kumwambia naye aongeze vyuo vingine. Paschal alicheka.

"Asilimia tisini na tatu, we mtoto! Vya nini vingine?"

"Kile kikokotoo ni cha uongo! Kimempa Bibi arobaini na sita!"

"Hukujua kukitumia," alisema Paschal, akaendelea kusikiliza redio.

Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, Koleta hakuchaguliwa katika chuo alichokitaka kuliko vyote. Alichaguliwa katika chuo chake cha pili, mkoani Tanga, kusomea uuguzi. Alipiga vigelegele peke yake uwanjani mpaka majirani wakaja kuuliza. Baba alimkumbatia, na Bibi Blandina akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa Chasu, lugha ya Wapare.

Paschal hakuchaguliwa. Alikuwa ameomba chuo kimoja tu.

Siku mbili baadaye alikwenda kwa Mwalimu Eliufoo, akiwa amefuatana na Koleta na Fortunata.

"Wamenidanganya, Mwalimu! Tisini na tatu! Ningejua ningeomba vyuo vingine. Wenzangu wote wanafunga mizigo."

Fortunata alitaka kumwambia, "Si nilikuambia," lakini alipomwona midomo inavyomcheza aliyameza maneno yake.

"Una haki ya kukasirika," alisema Mwalimu. "Mimi mwenyewe nimekasirika. Huyu walimtisha akataka kuacha, wewe walikusifu ukabweteka. Ni aibu kubwa kumvunja moyo mtoto wa mtu kwa namba ya kubuni, halafu ukamuuzia dawa yake." Aliwatazama wote watatu. "Lakini sikilizeni. Hesabu ni kitu kizuri, nami naifundisha kila siku. Ila haijui jambo ambalo haikupewa. Mtu akikuletea namba inayohusu maisha yako, kabla hujalia na kabla hujashangilia, muulize ameitoa wapi. Akikosa jibu, nenda kwa mwenye habari: chuo chenyewe, mwongozo, mwalimu wako. Kisha fanya sehemu yako yote. Fortunata aliuliza, ndiyo maana dada yake anakwenda chuoni."

Fortunata aliinamisha kichwa, lakini alikuwa anatabasamu.

"Awamu ya pili inafunguliwa Jumatatu, Paschal," aliendelea Mwalimu. "Vyuo bado vina nafasi."

Paschal alipangusa macho. "Na safari hii nafasi yangu ni asilimia ngapi, Mwalimu?"

"Sijui," alijibu Mwalimu Eliufoo, akamsogezea kiti. "Kaa hapa, tusome vigezo."