Kioo Kilichokwisha Kupimwa

"Ni wewe uliyemtuma Ishengoma anitongoze?"

Datius alikuwa amenyoosha mkono kwenye kikapu cha kahawa ya kutafuna wanayokaribishiwa wageni. Mkono ukabaki hewani. Sebuleni kwa baba yake Kokuberwa, Ta Karugendo, huko Kamachumu, wazee waliomsindikiza kuja kuposa wakaacha kutafuna.

"Waitu, mpenzi Kokuberwa, hayo tutazungumza wawili."

"Hapa hapa! Jana rafiki yako alikiri mbele ya mama. Kwanza alileta kitenge, kisha redio, mwisho akaniahidi nyumba ya mjini, Miembeni!"

"Na vyote ukavikataa!" Datius akacheka. "Mimi ni fundi wa vipimo. Ng'ambo nilikosoma tunapima vioo vya leza, ule mwanga unaotoboa hata chuma. Kioo kimepakwa utando mwembamba. Unakipiga mwanga, unaongeza nguvu kidogo kidogo mpaka utando uungue. Ndipo unajua uwezo wake. Wewe hukuungua. Jivunie!"

"Hata ng'ombe hupimwa kwanza," mzee mmoja akadakia.

Miaka yote ya masomo yake Kokuberwa alimsubiri mtu huyu, akifundisha kisomo cha watu wazima kijijini, akiwarudisha wachumba wa kweli. Leo anafananishwa na ng'ombe!

"Nieleze, fundi. Kioo ulichokipiga hivyo, ndicho unachokifunga kwenye mashine?"

"La hasha! Tunapiga kipande cha mfano, kilichopakwa pamoja nacho. Kilichokwisha kupigwa hakiaminiki tena, hata kama doa halionek..."

Ta Karugendo akakohoa.

"Malizia, mwanangu. Tunasikia."

"Amemaliza, Tata," Kokuberwa akasema. "Mimi sikuwa kipande cha mfano, Ta Datius. Nilikuwa kioo chenyewe."

"Nilikuwa mbali, Koku. Nilikuwa na hofu."

"Hofu ungeniletea mimi, ningekujibu. Ukampelekea Ishengoma, akaizungusha kijiji kizima pamoja na redio!"

"Nisamehe. Sitakupima tena."

"Utanipima. Nikichelewa kisimani utanipima. Mwanao akifanana na mjomba wake utanipima."

"Kwa hiyo unanikataa?"

"Ulitaka kujua nguvu itakayoniunguza. Umeipata. Ni hii."

Ta Karugendo alikivuta kikapu cha kahawa, akakifunika kwa jani la mgomba, akakirudisha ndani. Wazee wakaanza kutafuta kofia zao.