Shuka Juu ya Farasi

Ijumaa moja ya Agosti 2012, saa moja asubuhi, kikongwe Bi Wanda alimwomba Henriette, yaya anayemtunza, aondoe shuka lililofunika mchoro wa sebuleni. Bibi huyo hanywi chai bila kuwatazama farasi wake. Henriette akavuta shuka. Fremu ilikuwa pale pale ukutani, lakini turubai lenye mchoro lilikuwa limekatwa kwa wembe pande zote nne na kutoweka.

Kufikia saa sita mchana, Sajini Amne alikuwa amemhoji kila jirani wa nyumba ile ya Umbilo, mjini Durban, isipokuwa paka. Alifanya hivyo kwa haraka, maana Kapteni Govender alikwisha amua mwizi ni nani.

"Usiku kucha yaya alikuwa peke yake na kikongwe," Kapteni alisema kwenye simu. "Funguo anazo. Nakupa mpaka saa kumi na moja, kisha naandika mashtaka."

Amne alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Chatsworth, katika wale Wazanzibari wa Durban, wazao wa watumwa waliokombolewa, na Kiswahili alikipata kwa bibi yake. Hakupenda kesi zinazokwisha kabla hazijaanza. Aliingia chumbani kwa Henriette, nyuma ya jikoni, akaomba ruhusa ya kuswali adhuhuri humo. Akatandika mswala kuelekea dirishani, jua la mchana la majira ya baridi likimpiga usoni, bandari ikiwa upande wake wa kulia. Alipomaliza, alimkuta Henriette amekaa kitandani akiikunja na kuikunjua karatasi yake ya ukimbizi.

"Dada, miye sikuiba," Henriette alisema. "Papier yangu inaisha mwezi huu. Kama polisi ananiandika mwizi, wananirudisha Bukavu. Kule nilikimbia vita, unasikia?"

"Nasikia. Nieleze ya jana."

"Asubuhi nilipangusa fremu, tableau, ile picha, ilikuwa pale. Saa saba nikaenda soko ya Warwick kununua mboga. Bibi alikuwa analala. Haroon, ule fundi wa mbao, alikuwa anatengeneza meza, na Tomasz, mjukuu wa Bibi, alikuwa anakaa tu. Kurudi, nakutana na Tomasz ku ngazi, ako na mfuko yake ya gofu. Ananiambia, fundi amefunika picha juu ya kuswali, hataki sanamu mbele yake, atarudi kesho kumaliza meza, usiguse shuka. Basi sikugusa. Ni dini ya mwenzangu."

Amne aliitazama picha ya simu aliyopewa: askari wapanda farasi wakichupa katika theluji, mapanga juu. Ilisemekana ni kazi ya Zabielski, mchoraji wa Poland wa karne ya kumi na tisa aliyebobea katika vita na farasi. Jumatatu wataalamu wa jumba moja la makumbusho walitarajiwa kuwasili kutoka Ulaya kuukagua na kuuchukua.

"Masikio yao marefu," Amne alisema.

Henriette akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kuogopa. "Kila siku namwambia Bibi, mafarasi yako iko na masikio ya punda! Anacheka tu."

Saa nane Haroon aliitwa. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, naye pia mtu wa Chatsworth, jambo ambalo Kapteni alikwisha lisema kwa sauti ya kejeli, kana kwamba Amne angempendelea.

"Sikufunika kitu, dada Amne," alisema. "Wala sikuswali hapa. Niliondoka saa nane na nusu, gundi ya meza ikikauka. Alasiri niliswali nyumbani, peke yangu."

"Shahidi?"

"Mungu."

"Huyo sitampata kabla ya saa kumi na moja, bwana Haroon."

Tomasz alifika saa tisa, nadhifu, mwenye huzuni iliyopigwa pasi pamoja na shati. Alizungumza Kiingereza, na maneno yake yalikuwa yamepangika vizuri kupita kiasi.

"Nilimwona Haroon kwa macho yangu. Aliifunika kwa shuka, akasujudu mbele ya picha. Upepo ukalinyanyua, nikaona kwato za farasi. Kwa hiyo mchoro ulikuwapo. Mimi niliondoka baadaye. Kilichotokea usiku, muulize Henriette."

Kwa maelezo hayo, wizi ulikuwa wa usiku, na usiku alikuwapo mmoja tu. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Kapteni alikwisha fika na kusimama mlangoni, pingu zikining'inia kiunoni. Alimgeukia Bi Wanda na kumuuliza kama anamwamini yaya wake. Bi Wanda aliangalia kikombe chake, akanyamaza. Henriette aliona ukimya ule, akainamisha kichwa.

"Bwana Tomasz," Amne alisema, "nisaidie jambo moja. Haroon alisimama wapi? Nionyeshe kama ulivyomwona."

Tomasz hakusita. Alikwenda katikati ya sebule, akaelekea mchoro ulipokuwa, kati ya madirisha mawili ya upande wa bandari, yale yanayoingiza jua la asubuhi. Akapiga magoti. "Hivi. Kuelekea mashariki, kama wanavyofanya wote."

Haroon alifungua mdomo. Amne akamnyamazisha kwa mkono, akautoa mswala wake mkobani na kuutandika. Mswala ulielekea jikoni, bandari upande wa kulia.

"Mashariki ya Durban ni baharini," alisema. "Makka iko juu yetu, kaskazini. Mchana nimeswali humu humu, jua likinipiga usoni. Haroon ameswali katika mji huu tangu utotoni, na ati jana, katika nyumba aliyoizoea, aliisujudia Australia?"

Mlangoni, Kapteni alikohoa.

"Labda nilikosea upande," Tomasz alisema.

"Upande mtu anaweza kukosea. Lakini ulimwona akisujudu mbele ya picha, na ukaona kwato. Kama hakuelekea huko, hukuona lolote kati ya hayo. Ulihitaji shuka likae mpaka uwe umeondoka, na ulihitaji mtu wa kusingizia kuwa ndiye aliyelitundika. Gari lako liko chini. Tufungulie huo mfuko wa gofu."

Tomasz akabaki magotini. Kisha akatoa funguo.

Kapteni mwenyewe ndiye aliyepandisha mfuko. Turubai lilikuwa limeviringishwa kati ya magongo.

"Ni bandia," Tomasz alisema, akilia sasa bila mpangilio. "Mwezi uliopita nilipeleka kipande chake kupimwa. Si turubai la karne ile, ni kitambaa cha hema la vitani. Na mimi nilikwisha saini kwamba ni Zabielski! Jumatatu wangenifedhehesha. Ukiibiwa, bima inalipa na jina langu linabaki safi. Nilitaka kuuchoma, nikashindwa. Na nilitaka Bibi asijue kwamba mama yake alimdanganya."

Bi Wanda alikuwa amefika Afrika akiwa mtoto, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mkimbizi wa Kipolandi katika kambi ya Tengeru, karibu na Arusha. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili cha huko, polepole, ili Henriette asikie.

"Nani alikwambia sijui? Mchoro wenyewe ulibaki nyumbani kwetu, Poland. Mama aliuchora tena kambini, kwa kumbukumbu. Farasi hawakuwapo, kwa hiyo mimi nilimshika punda wa kubeba maji asimame. Uliposema wageni wanakuja kuutazama mchoro wetu, nilidhani wanakuja kwa ajili ya mama."

Amne akamtafsiria Tomasz kila neno. Kisha akamsomea haki zake, na Kapteni akampeleka chini. Pingu zilitumika, ila si kwa mikono iliyokusudiwa.

Bi Wanda alimgeukia Henriette.

"Kambini kikipotea kijiko, walitupekua sisi watoto wa wakimbizi. Mama alisimama kila mara akasema, mtoto wangu si mwizi. Leo nimeulizwa juu yako, nikanyamaza. Nimeona aibu kubwa, mwanangu. Nisamehe."

Henriette alikuwa bado ameishika karatasi yake. Alichukua muda mrefu kuikunja.

"Nitakusamehe, Bibi," alisema mwishowe. "Lakini chai ya leo, miye sipiki."

Akakaa kwenye kiti cha Bi Wanda, kile kinachotazama fremu. Bi kizee akatwaa mkongojo wake, akaenda jikoni taratibu, nao wakasikia maji yakijaa birikani.