Babu Yako Hana Pa Kukaa

"Mama, ile ni sponji ya kiti tu! Imeoza, imejaa vumbi. Nilee sponji mimi?"

Ndivyo baba yako alivyonijibu, mjukuu wangu, misumari kaibana midomoni. Nikamwambia, sponji tu ya nani? Marehemu baba yako, mume wangu, kaikalia miaka thelathini na moja, mpaka makalio yake yamechimba shimo, upande wa kushoto, kwa ile nyonga yake mbovu. Siku anakata roho aliniambia, kiti changu msikiguse. Wewe umekichana!

Akacheka. "Marehemu hakai, mama."

Baba yako unamjua. Akiona viti vya zamani, vile vya miguu myembamba iliyochongoka, mgongo umelala nyuma kama mtu anaota jua, hana akili tena. Anavinunua magofu, anavivua mpaka mbao, anavivisha upya. Karakana imejaa. Cha babu yako alikitamani tangu ujana wake, mzee akamkatalia katakata. Basi akanivizia nimeenda kliniki, akakibeba. Sponji akaitia moto.

Wiki ile ile, jioni, nikampelekea chai. Kiza kinaingia. Harufu ya gundi tupu. Nikamkuta kasinzia kwenye kiti cha babu yako, kitambaa kipya cha kijani kimekazwa kama ngoma. Nikasema nisimwamshe.

Nyiii...

Kiti cha mlangoni kimelia. Hakuna mtu. Lakini kitambaa kimebonyea... upande wa kushoto. Kikainuka.

Nyiii... Cha pili. Kikabonyea, kikainuka.

Halafu ikanijia harufu. Dawa ya kuchua. Ile niliyokuwa nampaka mwenyewe, kwa mikono hii.

Nikajua. Babu yako anatafuta pa kukaa.

Cha tatu. Cha nne. Vyote vigumu, havimjui. Ananyanyuka, anaburuta mguu... sss... sss... mpaka akafika kwenye chake.

Na baba yako yumo.

Nikaona mapaja ya mwanangu yanabonyea. Suruali ikalala bapa. Akafumbua macho.

"Mama... miguu yangu... siisikii."

"Usitikisike," nikanong'ona.

Hasira zangu zote zikayeyuka, mjukuu wangu. Ningefanyaje? Nikakaa sakafuni, kwenye unga wa mbao, nikanyoosha miguu, nikajipiga mapaja taratibu. "Baba watoto," nikasema, "muache huyo, hakujua. Njoo kwangu. Mimi nakujua ulivyo."

Sss... sss...

Akaja.

Mzito... na baridi. Kaegemea kushoto, vile vile.

Baba yako akasimama, mzima wa afya. Mimi ndiyo hivi unavyoniona, mwezi wa nne huu sijanyanyuka. Daktari kapiga picha, anasema mifupa haina kitu. Na baba yako kila siku analeta watu wa kuninyanyua, huku analia kama mtoto. Jana wanaume wawili wamenishika makwapani, wakavuta. Nikasikia mtu anaguna, hapa, mapajani. Wao hawakusikia. Sasa wakinisimamisha, yeye atamwendea nani?

Mimi baba yako hanisikilizi, anasema nimechanganyikiwa. Wewe atakusikiliza. Nenda kamwambie sina kinyongo naye. Mwambie watu wake asiwalete tena, waniache nikae. Na umwambie akija aongee polepole... babu yako ndiyo kwanza kalala.