Niliona Haya Kulikagua Gari la Shemeji

Nina miaka arobaini na saba, ni mwenyeji wa Kalama hapa Machakos, na ni baba wa watoto wanane. Taya langu la kushoto halifungi vizuri, kwa hiyo siku hizi siongei sana. Ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Najua wengine mtanicheka na wengine mtanitukana. Nitukaneni tu! Hamtafika hata nusu ya yale ninayojitukana mwenyewe kila nikiamka.

Sisi nyumbani kwetu ni watu wa kutembea. Likizo ikifika, wenzetu hukaa mbele ya televisheni. Sisi tulikuwa tunafunga masufuria, mahema na ndoano za samaki, tunaenda zetu. Milima ya Iveti tumeipanda hata mbwa wa huko wakachoka kutubwekea. Majirani walitutania wakisema, "Kwani mmefukuzwa kwenu, mnalala porini kama ngiri?" Tulicheka nao. Mke wangu Kalunde ndiye aliyeyapenda mambo hayo kuliko sisi sote, na ndiye aliyejua kuwasha moto kwa kuni mbichi.

Shida yetu ilikuwa gari. Watu kumi na mizigo yao! Tulikuwa tukiomba pikapu ya jirani, watoto wanapangwa nyuma kama magunia ya mahindi. Siku moja pikapu iliruka tuta, na mtoto wetu wa nne akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja. Kalunde alilia njia nzima. Tulipofika nyumbani tukakubaliana: tutafute gari letu, hata kama limetumika.

Na nililitafuta vizuri, Mungu ni shahidi! Niliandika kwenye daftari: viti kumi, tumbo liwe juu ya mawe, injini ya dizeli, na paa la kufungia mahema. Kwa wiki sita, kila Jumamosi, mimi, Kalunde na fundi mmoja anayeitwa Musau tulizunguka yadi za magari kandokando ya barabara ya Mombasa. Musau alitandika gunia na kulala chini ya kila gari. Moja liling'aa kama bibi arusi, lakini Musau alivuta mkanda wa kiti, ukatoka na matope ya mafuriko. Jingine lilikuwa la viti saba, na muuzaji akatuambia tujibane. Kalunde akamuuliza, abaki mtoto yupi?

Ndipo Nzioka akapata habari zetu...

Nzioka ni kaka yake Kalunde, wa tumbo moja. Ni mtu mrefu, ana kovu la moto linalotoka shingoni hadi sikioni. Alikuwa akiishi Konza, akinunua na kuuza magari. Alinipigia simu akasema analo gari la kutufaa, na kwamba ni aibu kwangu kuhangaika yadi za watu ilhali nina shemeji.

Ninyi wa makabila mengine huenda msinielewe. Kwetu sisi Wakamba, kaka wa mke wako si mtu wa kuchezea. Ndiye aliyesimama na wazee siku ulipopeleka mbuzi wa mahari. Ukimtilia shaka, umetia shaka nyumba uliyooa. Alilileta gari hadi uani kwangu, nami nikachinja mbuzi na kuwaita wazee wa ukoo waje washuhudie.

Lilikuwa gari refu, jeupe, viti kumi, tumbo juu. Kila nilichoandika kwenye daftari kilikuwamo! Dirisha la nyuma upande wa kushoto halikuwa na kioo, lilikuwa limezibwa kwa bati na kupakwa rangi ya kijani. Niliona hilo ni jambo jema, watoto hawatakuwa na kioo cha kuvunja.

Musau akatandika gunia lake. Hapo Nzioka akanitazama, akatabasamu mbele ya wazee wote.

"Shemeji, kwani hapa ni yadi?"

Wazee wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto! Nikamwambia Musau ainuke, aje ale nyama. Musau aliinuka, akajipangusa suruali, akakunja gunia lake na kwenda zake bila kuonja hata supu. Nzioka akasema logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, iko ofisini inabadilishwa jina, ataileta. Nami nikamlipa, sikuuliza tena. Ningeanzaje kumdai shemeji karatasi?

Lakini Kalunde aliuliza. Alifua mazulia ya gari, akakuta mavi ya mbuzi yamekwama chini ya viti. Bolti za viti zilikuwa mpya, na kwenye sakafu kulikuwa na pete za chuma za kufungia kamba. Marashi yaliyopulizwa humo yalipoanza kuisha, harufu ya beberu ikajitokeza. Jioni moja, tukiwa jikoni na watoto wakila, alinikabili.

"Baba Mwende, hii gari imebeba mbuzi. Na si mbuzi za mtu aliuziwa vizuri. Huyo ni ndugu yangu, mimi ndiyo namjua. Rudisha hii gari!"

Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Alisema nimeogopa kuchekwa na wazee nikawasahau watoto wangu. Maneno yale yalikuwa kweli, na pengine ndiyo maana yaliniuma... Nilimpiga kofi! Alianguka juu ya mtungi wa maji, midomo ikapasuka. Watoto wanane waliacha kula. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikuwa nimewahi kumwinulia mkono.

Kalunde aliinuka, akafuta damu kwa kanga, akaokota vipande vya mtungi. Wiki iliyofuata shule zilifungwa, nami nikatangaza safari ya kwenda mto Tana, kupitia Kithyoko. Nilitaka kila mtu aone kwamba gari ni zuri. Kalunde alipanda akakaa kiti cha nyuma kabisa, kando ya lile bati.

Tulifika Kithyoko mchana, siku ya soko. Nilisimamisha gari tununue nyanya na makaa. Niliona mwanamume mmoja analizunguka gari polepole. Alilipapasa lile bati la kijani kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea. Kisha akatia vidole mdomoni akapiga mluzi.

"Ingei! Ingei sya mbui! Wezi wa mbuzi wamerudi!"

Wasomaji wenzangu, mmewahi kuona soko zima linakuja kwenu? Sikupata hata nafasi ya kupandisha kioo cha mlango wangu. Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele. Mikono ikanishika shati, shingo, nywele, nikatolewa kwa dirisha. Rungu likanipata tayani, nikasikia mfupa unavunjika ndani ya kichwa changu. Nikaanguka. Wakanikanyaga mbavu, wakanikanyaga vidole, mwanamke mmoja akanipiga kwa mzani wa kupimia nyanya huku akilia kwamba mbuzi wake sita walikuwa karo ya mwanawe!

Niliwasikia watoto wangu wakipiga kelele. Mwende, kifungua mimba wetu, msichana wa miaka kumi na minane, alijitupa juu yangu kunikinga. Jiwe likampata jichoni. Nasikia sauti ile hadi leo... Aliinua uso, na pale palipokuwa jicho palikuwa damu tupu.

Kisha nikaona tairi. Kijana mmoja alikuwa akiliviringisha kuja nilipo, na mwingine nyuma yake ameshika dumu la petroli. Nilijikojolea. Sioni haya kusema.

Aliyewasimamisha ni mfanyabiashara wa mifugo, mzee Msomali waliyemwita Hassan. Yeye mwenyewe alikuwa ameibiwa mbuzi wengi na gari lile. Aliweka mguu wake juu ya tairi, akawaambia wangoje.

"Gari ni hii. Lakini dereva mimi nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa mrefu, na kovu hapa kwa shingo mpaka sikio. Huyu siye."

Umati ukanguruma. Kama siye, basi ni mwenzake! Amtaje dereva, ama achomwe na gari lake!

Nilijua. Sote katika jamii yangu tulijua, wakati huohuo! Lakini taya langu lilikuwa limevunjika, na mdomo ulijaa damu. Tena niwaambie ukweli ambao sijawahi kuuambia polisi wala mchungaji: hata kama ningeweza kusema, sijui kama ningesema. Petroli ikinuka puani mwangu, bado nilikuwa nikifikiria aibu ya kumtaja shemeji mbele ya watu.

Kalunde ndiye aliyesema. Alipita katikati ya marungu, mtoto wetu mdogo mgongoni, midomo yake bado na kidonda cha kofi langu. Alilia, lakini sauti yake ilitoka.

"Huyo wa kovu ni Nzioka. Ni ndugu yangu, tumenyonya titi moja. Anakaa Konza. Bwana yangu aliuziwa tu, hajui kitu. Mkitaka kuchoma mtu wa hiyo nyumba, nichomeni mimi."

Mzee Hassan akaliviringisha lile tairi kando. Hasira yao waliimalizia kwa gari. Wakalipindua, wakalichoma na mahema yetu, masufuria yetu na kila kitu, na moshi ukatufuata hadi polisi walipokuja kutuchukua.

Jicho la Mwende halikupona. Mimi nilifungwa taya kwa nyaya, nikanywa uji kwa mrija kwa wiki kadhaa. Mama mkwe alimtumia Kalunde ujumbe kwamba hana tena binti, kwa sababu binti hauzi damu yake sokoni. Kalunde aliusoma akiwa kando ya kitanda cha Mwende, akaizima simu.

Je, nilijifunza hapo? Hapana! Kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko jiwe lililompiga mwanangu.

Polisi walikuwa bado wanamtafuta Nzioka. Mimi nilisikia kutoka kwa binamu yake kwamba amejificha chumba fulani kulekule Konza. Badala ya kuwaambia polisi, nilinoa panga. Kalunde aliniona nikinoa, akanisihi nisiende. Alisema ameshapoteza mama na ndugu, nisimwongezee mume. Nilimpita mlangoni...

Nilimkuta Nzioka uani, anaosha gari jingine. Hakukimbia. Nilimuuliza, kwa taya hili langu bovu, kwa nini alituuzia kifo. Unajua alinijibu nini?

"Shemeji, wewe hukuuliza. Ungeniuliza hiyo siku, ningekuambia. Lakini ulinyamaza, nikafikiri unajua na umekubali."

Nilimkata! Nilimkata begani, alipoinua mkono nikamkata mkono, alipoanguka nikaendelea. Maji ya sabuni yaligeuka mekundu. Kama majirani wasingenishika, leo ningekuwa naitwa muuaji. Na nilipobanwa chini, uso kwenye matope, niligundua kwamba nilikuwa nampiga ili anyamaze, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Ni jambo lilelile nililomfanyia Kalunde jikoni.

Tulifungwa sote wawili. Yeye kwa wizi wa mifugo, na sasa mkono wake mmoja haufanyi kazi. Mimi kwa kumjeruhi. Kalunde alibaki na watoto wanane, mmoja wao mwenye jicho moja, bila mama, bila kaka, bila mume. Alilima mashamba ya watu. Kila mwezi aliniletea sabuni gerezani, akaniachia mlangoni bila kuingia kuniona.

Nimetoka miezi minne iliyopita. Siku ya kwanza nilipiga magoti mbele yake na watoto wote wakiwepo, kwa sababu kofi nilimpiga watoto wakiwepo. Nikamwomba msamaha. Aliniacha pale chini muda mrefu.

"Kofi nilikusamehe zamani," akasema. "Hata Mwende amekusamehe. Lakini Baba Mwende, siku ile Kithyoko mimi nilikuchagua wewe, nikamwacha ndugu yangu. Na wewe hapa nyumbani ulikuwa umemchagua yeye. Hiyo ndiyo sijui nitaiweka wapi."

Analala chumba cha wasichana. Chakula ananipakulia, heshima ananipa, lakini hacheki tena nikiwepo.

Wasomaji wenzangu, na hasa ninyi wanaume wenye jamii kubwa, nawasihi! Unapotafuta gari lililotumika, mwache fundi alale chini yake, hata kama muuzaji ni shemeji, ni mchungaji, au ni baba yako mzazi. Omba karatasi kabla ya kula nyama. Wakicheka, wacheke, kicheko cha wazee hakijamtoa mtu jicho. Na mke wako akikuambia ananusa kitu kibaya, usimwinulie mkono. Inama unuse naye!

Jumapili iliyopita watoto walifunga uji na viazi, wakapanda Iveti kwa miguu pamoja na mama yao. Mwende alitangulia, akigeuza kichwa kila mara ili aone upande wa jicho lililopotea. Nilisimama langoni nikingoja mtu aniite. Walikata kona wote tisa, na hakuna aliyegeuka kunitazama.