Sahani ya Kumi na Nne

Jumanne, saa saba na robo mchana, muuguzi Costansia alirudi zahanati kutoka kula, akafungua kabati la maabara na kukuta sanduku la hadubini lipo, hadubini haimo. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo wenyewe alikuwa ameuchukua palepale pa siku zote, kwenye msumari nyuma ya mlango wa mapokezi, mahali ambapo kila mgeni aliuona.

Zahanati ilikuwa ya monasteri ya Kyabishaka, mlimani juu ya Nkwenda, na mwaka huo, 1986, asiyepimwa damu pale alikwenda hospitali ya Nyakahanga kwa miguu na homa yake.

Sajini Saleh wa kituo cha polisi cha Nkwenda alifika saa tisa, amesukuma baiskeli mlima mzima huku akiutukana kwa Kiswahili cha Pangani. Getini matusi yalimwisha. Ndani watu walipalilia kahawa, walipasua kuni, walibeba mikungu ya ndizi, na hakuna aliyesema neno. Mmoja alihitaji shoka. Alinyoosha vidole viwili, akaletewa shoka. Saleh, aliyelelewa katika nyumba yenye shangazi saba, alijikuta amevua kofia bila kuambiwa.

Abati, mkuu wa nyumba ile, alimpokea kwa maneno machache. Alisema saa sita na nusu watawa wote huingia bwaloni, hata Bruda Gaspari mlinda mlango, na hutoka saa saba kamili. Nusu saa hiyo mapokezi hayana mtu. Hadubini ilikuwa kazi ya Bruda Telesfori, aliyepima damu za watu miaka ishirini bila kudai chochote. Alikuwa amefariki siku kumi na mbili zilizopita, na Costansia ndiye aliyeishika sasa.

Shahidi wa kwanza alikuwa Kokuberwa, muuza ndizi wa getini. Alisema saa saba na dakika tano alimwona Theoneste, mfagiaji wa zahanati, akitoka na kitu kilichofunikwa kitambaa, amekibeba kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kukiangusha.

Theoneste aliitwa. Alikuwa mtu mwembamba, wazazi wake walitoka Rwanda zamani, na mkewe Kantengwa alikuwa na mimba ya miezi tisa. Aliamkia kwa adabu. Saleh alimuuliza alibeba nini.

"Chakula, Afande."

"Cha nani?"

"Cha marehemu."

Saleh aliweka kalamu chini. "Marehemu gani anakula?"

"Bruda Telesfori. Nampelekea bibi mmoja huko bondeni."

"Bibi gani?"

"Nimeombwa nisimtaje."

Saleh alikuwa amedanganywa na wengi katika kazi yake, lakini hakuwahi kuletewa maiti mwenye njaa. Alimfunga pingu, akatangaza kwamba Alhamisi atampeleka mahabusu ya wilaya. Kantengwa, aliyesimama mlangoni, hakulia. Aliuliza tu kama mtoto akizaliwa kabla ya hapo baba yake ataruhusiwa kumwona, na Saleh akajifanya anatafuta ukurasa katika daftari lake.

Palibaki mgeni mmoja, Sebahire, mwenye duka la dawa Nkwenda. Alikuja kwa mafungo ya sala ya siku tatu, kumwombea Bruda Telesfori, alivyosema mwenyewe. Chumba chake kilipekuliwa, hakikuwa na kitu. Aliulizwa alikuwa wapi saa sita na nusu hadi saa saba.

"Nilikuwa kwenye chumba cha kulia cha wageni, Afande. Kuna kidirisha kinachotazama bwalo. Nilisimama pale mwanzo hadi mwisho."

"Hakuna mtawa aliyetoka?"

"Hakuna. Niliwahesabu, kumi na wanne. Wote walikula, na sahani zote zilirudi jikoni tupu."

Saleh aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamshukuru kwa macho yake mazuri. Kisha akamlalamikia Abati kwamba mfagiaji wake anawadhihaki polisi.

Abati alitikisa kichwa. "Hakukudhihaki. Ningeweza kukueleza, lakini utaona namtetea. Kesho saa sita na nusu njoo uone mwenyewe. Na Theoneste uje naye, tafadhali." Kengele ikalia, naye akaenda kusali.

Jumatano Saleh alipanda tena mlima, Theoneste mbele yake na pingu. Kantengwa alikuwa amekaa getini tangu asubuhi. Sajini alimwacha mtuhumiwa mapokezi chini ya ulinzi wa konstebo, akamwomba Sebahire asimame naye kwenye kidirisha, kwa kuwa alikuwa anapajua.

Meza ilikuwa imeandaliwa, sahani kumi na nne. Saleh alizihesabu kwa mazoea tu. Watawa waliingia wawili wawili, kanzu nyeupe na vazi jeusi juu yake, wakasimama kusali. Wakakaa. Kiti kimoja kilibaki wazi. Mbele yake palikuwa na msalaba mdogo wa mti, na sahani ya kiti hicho ndiyo iliyopakuliwa kwanza: matoke, maharage, kabichi, na kikombe cha maji. Hakuna aliyekigusa chakula kile. Watawa walipokezana kusoma kitabu kwa sauti ya chini, wengine wakala wakisikiliza, na mvuke wa matoke ukapanda mbele ya kiti kisicho na mtu.

Saleh aliwakumbuka wa kwao Pangani, jinsi wanavyolisha watu katika arobaini ya marehemu kwa ajili yake, akaona kwamba hawa wanafanya hivyo kila siku, kwa sahani yake mwenyewe, na bila hotuba. Alitamani mama yake angekuwapo aone.

Saa saba kasoro dakika tano sahani zilikusanywa. Kumi na tatu zilikuwa tupu. Ya kumi na nne ilikuwa imejaa vilevile. Saa saba ilipogonga, Bruda Gaspari aliifunika kitambaa, akaishika kwa mikono miwili na kuelekea mapokezi.

Hapo Saleh alitoa daftari. Kusema hakukuruhusiwa, wala hakuhitaji kusema. Aliufungua ukurasa wa jana, akaweka kidole chini ya mstari, akausogeza mbele ya Sebahire: *sahani zote zilirudi jikoni tupu.* Sebahire alisoma. Alitazama kiti kitupu, akatazama daftari tena, kisha akakiacha kidirisha.

Walitoka nje. Mlangoni Bruda Gaspari alimweleza Saleh habari ya sahani kwa maneno machache.

"Jana ulichungulia kabla watu hawajaingia," Saleh alisema. "Ukaona sahani kumi na nne, ukadhani watu kumi na wanne. Ukaenda kuchukua ufunguo. Aliyekuwapo hadi mwisho asingeisahau ile sahani. Bruda ananiambia huwekwa siku thelathini, kisha chakula hupewa maskini."

"Sikujua," Sebahire alisema.

"Huyo wa kumi na nne uliyeniambia umemwona akila ni Bruda Telesfori. Umemuibia, kisha ukamfanya shahidi wako."

Sebahire aliketi kwenye ngazi. Alisema, bila kuinua macho, kwamba miaka kumi watu walilipita duka lake wakipanda mlima kwa mzee yule. Walimwita yule daktari, yeye wakamwita muuza vidonge. Alipofariki aliona zamu yake imefika, na kwamba mwenye hadubini dukani ndiye angeitwa daktari. Akawaongoza hadi shamba la migomba nyuma ya nyumba ya wageni. Hadubini ilikuwa chini ya majani makavu, imefungwa kwenye taulo la monasteri.

Costansia aliirudisha kabatini, akaanza na mtoto aliyekuwa akitetemeka kwenye benchi.

Saleh alimfungua Theoneste pingu kwa mkono wake. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, marefu, ya kistaarabu. Theoneste alikuwa anaitazama sahani iliyofunikwa, mezani kwa Bruda Gaspari.

"Samahani, Afande," alisema. "Chakula kitapoa. Bibi hana jino hata moja."

Kantengwa aliinuka kwa shida, akamshika mumewe mkono, kisha akamwachia aende. Saleh alimwacha Sebahire kwa konstebo, akachukua kikombe cha maji kilichokuwa kando ya sahani na kumfuata Theoneste bondeni, taratibu, akichunga maji yasimwagike. Njia nzima hakumuuliza jina la bibi.