Milembe na Tairi Lisiloogopa Mwiba

Huyu ni Milembe. Ana miaka sita, ana pengo mbele, na ana baiskeli.

Baiskeli ya Milembe ni nyekundu. Ni ndogo, lakini ni ya mbio kweli kweli. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo. Matairi yake ni membamba, ya kukimbia kwenye lami.

Milembe anakaa Shinyanga. Bibi yake anakaa mbele huko, kwenye barabara inayopita nyumbani kwao. Unapita kisima. Unapita mashamba ya pamba. Unapita kwa Mzee Ngassa mwenye ng'ombe. Halafu unaona paa la bluu, na hapo ndipo kwa Bibi.

Kila Jumamosi Milembe na Baba huenda kwa Bibi. Baba hupanda baiskeli kubwa. Milembe hupanda baiskeli nyekundu.

"Kwa miguu yangu, kwa magurudumu yangu, leo nafika mwenyewe!" husema Milembe.

Kring, kring! Wanaondoka.

Wanapita kisima. Krrr, krrr.

Wanapita pamba. Krrr, krrr.

Wanafika kwa Mzee Ngassa. Krrr, krr, kr...

Pssssssssss!

Pancha. Tena!

Kwa nini hapo hapo kila mara? Ngoja nikuambie. Boma la ng'ombe wa Mzee Ngassa limezungushiwa matawi ya mgunga. Mgunga una miiba mirefu, myeupe, mikali. Matawi hukatwa ng'ambo ya barabara. Kisha huburutwa mpaka bomani, kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Matawi yanafika bomani. Miiba mingine inabaki barabarani. Ng'ombe hawana wasiwasi, wana kwato. Tairi halina kwato.

Baba hutafuta gundi ya kuziba pancha. Gundi imekauka. Gundi ya Baba huwa imekauka siku zote!

Basi baiskeli nyekundu inaachwa kwa Mzee Ngassa. Milembe anapandishwa nyuma ya Baba, kwenye keria, pale panapofungwa magunia.

Bibi anasubiri langoni. Akiwaona tu, anapiga makofi.

"Kifurushi changu kimefika!" anasema Bibi. "Lo! Na kifurushi chenyewe kina pengo!"

"Na wewe Bibi una mapengo mengi!" anajibu Milembe.

Wanacheka sana. Kwao, bibi na mjukuu hutaniana, na hakuna anayekasirika.

Lakini usiku, kitandani, Milembe hacheki. Hapendi kuwa kifurushi. Vifurushi havina miguu. Milembe anayo, tena inajua kukanyaga pedali.

Alhamisi moja Baba alitazama ndani ya tairi. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, tyubu hii imejaa viraka," alisema. "Ikipata pancha tena, baiskeli itabidi ipumzike, mpaka ukue kidogo."

Mpaka ukue kidogo! Ni lini hiyo?

Simu ikalia. Alikuwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jumamosi nitapika michembe kwa karanga."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Milembe anaipenda kuliko keki.

"Bibi," alisema Milembe, "Jumamosi usinitafute kwenye keria. Nitafute barabarani. Kwa miguu yangu, kwa magurudumu yangu, nafika mwenyewe!"

"Haya, tutaona," Bibi alicheka. "Lakini mkeka wa kupokelea kifurushi nitautandika tu."

Milembe akaenda kuchukua kopo lake. Ndani yake kulikuwa na miiba. Kila mwiba uliowahi kutoboa tairi lake ulikuwa humo. Kopo likalia, chaka, chaka, chaka.

"Baba," alisema, "twende tukanunue matairi. Kopo langu linakuja pia."

Ijumaa wakaenda dukani kwa Mama Shija, anayeuza vifaa vya baiskeli. Matairi yalining'inia mpaka darini.

"Mnataka tairi gani?" aliuliza Mama Shija.

"Lisiloogopa mwiba," alisema Milembe.

Baba alishika tairi lenye mstari wa dhahabu. Lilikuwa linang'aa. "Hili zuri," alisema.

Milembe akafungua kopo. Akatoa mwiba mkubwa kuliko yote. "Naomba kujaribu," alisema.

"We! Si kwenye tairi jipya, mama yangu!" Mama Shija akacheka. "Ngoja nikupe vipande." Akaleta vipande vilivyokatwa kwenye matairi ya kila aina.

Milembe akachukua kipande chenye mstari wa dhahabu. Akabonyeza mwiba. Tup! Ukatokea upande wa pili.

"Hili linaogopa," alisema Milembe.

Baba akaonyesha tairi nene, la baiskeli za kubeba madumu ya maziwa. Milembe akabonyeza mwiba kwenye kipande chake. Haukupita. Lakini alipojaribu kunyanyua tairi lenyewe, aaa, halikunyanyuka!

"Hilo ni imara, lakini ni zito," alisema Mama Shija. "Tena ni nene mno kwa baiskeli yako. Litasugua breki."

Pembeni kulikuwa na tairi jeusi. Halikuwa na dhahabu. Halikung'aa. Lilikuwa jembamba na jepesi. Milembe akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Angalia hapa ndani," alisema Mama Shija, akishika kipande chake. "Katikati ya mpira kuna kitambaa kigumu. Nje huwezi kukiona."

Milembe akabonyeza mwiba. Tik.

Akabonyeza kwa nguvu zake zote, mpaka ulimi ukatokea kwenye pengo. Tik!

Mwiba ukapinda.

"Hili haliogopi!" Milembe akaruka. "Baba, hili haliogopi!"

Wakanunua mawili, na tyubu mbili mpya. "Nazo zikitoboka, baiskeli itapumzika kweli," alisema Baba.

Nyumbani Baba alichukua vijiko viwili vya jikoni. Akachomeka mipini ya vijiko, akainua tairi la zamani, likatoka, plop!

"Vijiko vyangu!" Mama alipiga kelele kutoka dirishani.

"Tunaazima tu, Mama," alisema Milembe.

Tairi jipya likaingia. Sasa upepo. Milembe akashika pampu.

Pale mtaani watu hubonyeza tairi kwa kidole gumba. Likiwa gumu kabisa, husema "Jiwe!" na kutabasamu. Kila mtu anataka jiwe. Tairi la Baba ni jiwe.

"Na mimi nataka jiwe!" alisema Milembe. Fyuu! Fyuu! Fyuu! Akapampu mpaka jasho likamtoka. Akabonyeza. "Jiwe!"

Akapanda. Akazunguka uwanja.

Du-du-du-du-du! Baiskeli iliruka kila changarawe. Milembe aliruka nayo. Meno yalitetemeka, yale yaliyobaki.

"Ba-ba-ba-ba-ba!" aliita.

"Punguza upepo!" Baba alisema.

Milembe akapunguza. Pssss. Akapunguza tena. Pssssss. Tairi likalala chini kama chapati.

Akapanda. Blep, blep, blep. Lo, uzito ulioje! Akapita juu ya kijiwe. Tak! Chuma cha gurudumu kikagonga.

"Shuka upesi!" alisema Baba. "Likiwa laini hivyo, tyubu inabanwa kati ya chuma na jiwe. Itatoboka hata bila mwiba."

Milembe akaketi chini. Jiwe halifai. Chapati haifai. Sasa?

Akatazama ubavu wa tairi. Kulikuwa na maandishi madogo. "Baba, hizi namba ni za nini?"

Baba akainama. "Ah! Hii inasema upepo usipungue hapa. Na hii inasema usizidi hapa."

"Tujaze mpaka juu?"

"Mimi ni mzito, nimekula ugali wa miaka mingi," alisema Baba. "Tairi langu linahitaji upepo mwingi. Wewe ni mwepesi. Tuanze karibu na namba ya chini, halafu tujaribu."

Pampu ya Baba ilikuwa na kipimo chenye sindano. Milembe akapampu polepole. Fyuu. Fyuu. Sindano ikapita namba ya chini, kidogo tu.

"Basi!" alisema Milembe.

Akabonyeza kwa kidole gumba. Tairi likabonyea kidogo, likarudi. Akajua mara moja linafanana na nini.

"Si jiwe, si chapati. Chungwa!"

Akapanda. Krrr, krrr, krrr. Baiskeli haikuruka. Haikulala. Ilikwenda tu, vizuri, vizuri, vizuri.

"Na yako je, Baba?" aliuliza Milembe. "Tairi lako ni la zamani."

"Langu?" Baba alipiga tairi lake kofi. "Hili halina shida. Jiwe hili!"

Sawa, Baba. Tutaona.

Jumamosi ikafika. Milembe akabonyeza tairi la mbele. Akabonyeza la nyuma.

"Si jiwe, si chapati. Chungwa! Kwa miguu yangu, kwa magurudumu yangu, leo nafika mwenyewe!"

Kring, kring! Wakaondoka.

Wakapita kisima. Krrr, krrr.

Wakapita pamba. Krrr, krrr.

Wakafika kwa Mzee Ngassa. Kwaruu, kwaruu, kwaruu! Mzee Ngassa alikuwa anaburuta tawi saa hiyo hiyo. Miiba ilikuwa mipya, mingi, barabara nzima.

"Shikamoo, babu!" alisema Milembe.

"Marahaba! Aa, poleni," alisema Mzee Ngassa. "Nimewaharibia njia."

Baba akasimama. "Tushuke, Milembe? Tukokote baiskeli?"

Milembe akaitazama miiba. Moyo wake ulidunda, du, du, du. Tyubu ikitoboka, baiskeli italala mpaka akue. Aliogopa. Kisha akakumbuka mwiba uliopinda.

"Tairi langu haliogopi," alisema. "Na mimi siogopi. Napita."

Akakanyaga pedali polepole.

Tik.

Tik, tik.

Tik!

Akafika upande wa pili. Akashuka. Kwenye tairi la mbele, mwiba mrefu ulikuwa umesimama wima.

Milembe akaushika. Akafumba macho. Akauvuta.

Baba akatega sikio. Mzee Ngassa akatega sikio. Hata ng'ombe mmoja akaacha kutafuna.

Kimya.

Milembe akabonyeza tairi. Likabonyea kidogo, likarudi.

"Chungwa!" akapiga kelele. "Chungwa, chungwa, chungwa!"

Ndipo Baba naye akavuka, huku akicheka.

Pssssssssss!

Milembe akatazama tairi lake. Hapana, si lake.

Mzee Ngassa akatazama huku na huku.

Baba akaacha kucheka. Tairi lake la nyuma lilikuwa chapati.

"Gundi..." Baba alijipapasa mfukoni.

"Imekauka," alisema Milembe.

Mzee Ngassa alicheka mpaka akaegemea boma, akachomwa na mwiba, akaruka. "Niachie baiskeli, bwana," alimwambia Baba. "Nami leo nitafagia barabara hii, haki ya Mungu!"

Baba akatembea kwa miguu. Milembe akaendesha mbele yake, taratibu, ili Baba amwone. Paa la bluu likatokea.

"Naweza kutangulia, Baba?"

Baba akatazama barabara. Ilikuwa tupu mpaka langoni kwa Bibi. Akajifuta jasho. "Tangulia, mwanangu."

Krrr-krrr-krrr-krrr! Upepo ulipita kwenye pengo la Milembe na kupiga mluzi.

Bibi alikuwa langoni. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Alikinga macho kwa mkono. Alitafuta baiskeli kubwa. Alitafuta keria.

"Jamani, kifurushi changu kiko wapi leo?"

Kring, kring!

Baiskeli nyekundu ikasimama mbele yake.

"Shikamoo, Bibi! Kwa miguu yangu, kwa magurudumu yangu, nimefika mwenyewe!"

Bibi akashika mdomo. Akaishika baiskeli, usukani, kiti, matairi, kana kwamba haamini. Kisha akamkumbatia Milembe kwa nguvu, na macho yake yalikuwa na machozi ya furaha.

"Wabeja, mjukuu wangu! Asante, asante! Na baba yako je?"

Milembe akanyoosha kidole. Mbali barabarani, mtu mmoja alikuwa anakuja kwa miguu, polepole, shati limelowa.

"Kifurushi chako kile pale, Bibi," alisema Milembe. "Kinakuja."

Bibi alicheka, mapengo yote nje. Baba alipofika, alijitupa juu ya mkeka wa kifurushi. Wakamletea maji.

Wakala michembe kwa karanga. Milembe akala bakuli mbili. Mwiba mrefu ukaingia kwenye kopo lake, chaka.

Jioni ikaingia, nao wakabaki kulala kwa Bibi. Baiskeli nyekundu ikalala chumbani, karibu na kitanda, kama mgeni wa heshima.

Milembe akatoa mkono nje ya shuka. Akabonyeza tairi mara ya mwisho.

"Bibi," alisema kwa usingizi, "Jumamosi ijayo tutamnunulia Baba tairi lisiloogopa. Na gundi mpya."

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Na upepo wake uwe mwingi. Ni mzito."

"Ndiyo. Lala sasa, dereva wangu."

Milembe akatabasamu. Dereva! Hilo si jina la kifurushi hata kidogo.

Bibi akapuliza taa. Fyuu.

Na Milembe akalala.